UZI: Ukiwa beki kwenye gemu za dadu uchague mbinu gani? AC 19 yangu haikumsaidia mtu

kobe_wa_tudor

Salaam aleikum wadau. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima nikaona bora niliandike hapa kwa urefu, maana najua humu wapo wanaocheza D&D na wengine Pathfinder, na sisi huku Mombasa tuko watano, kila Jumamosi baada ya Isha tunakutana kwa binamu yangu, mtaa wa Tudor. Swali lenyewe ni hili, ukiwa wewe ndio beki wa kundi, yule mwenye ngao anayesimama mbele, unachagua uwezo gani wa vita? Mimi jibu langu nimelipata kwa uchungu, ntalieleza lote, na mwenye kunikosoa anikosoe.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, ni gemu ya mezani, mmoja wenu anakuwa DM, yeye ndio anasimulia dunia na kuwachezesha maadui, na kila mtu mwingine ana mhusika wake kwenye karatasi. Ukitaka kupiga unarusha dadu ya pande ishirini unajumlisha nguvu zako, ikifika namba ya kinga ya yule adui, tunayoiita AC, umempata. Sisi tulianza bila hizo dadu, tulikata vikaratasi 1 mpaka 20 tukavitia kwenye kikombe cha kahawa tukawa tunachomoa, ramani ni karatasi ya manila tumeichora viboksi, kila kiboksi futi 5, na wahusika ni vifuniko vya soda. Mpaka leo tunacheza hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni. Mhusika wangu alikuwa faita, yani mpiganaji wa silaha, wa leveli 2, kanuni zetu ni zile za D&D za 2014. Deraya ya minyororo inampa AC 16, ngao +2, na kwenye staili za kupigana nikachagua Defense inayoongeza +1, jumla 19. Nilikuwa najivunia ile 19 wallahi, kwa leveli ile ni ukuta.

Tukavamiwa na magobilini wanne, vile vijitu vidogo vikorofi, kwenye uwazi msituni. Nikasogeza kifuniko changu mbele ya wenzangu wote, nikasema mimi nimesimama hapa. Gobilini wa kwanza akanipiga akakosa. Watatu waliobaki wakanipita tu. Gobilini ana uwezo wa kujitoa kwenye mapigano kama kitendo cha ziada, yani anapita ubavuni mwako kabisa na wewe huruhusiwi lile pigo la kumvizia anayeondoka, kisha bado ana kitendo chake cha kupiga. Wakamfikia mchawi wa binamu yangu, AC 12, uhai 12. Wa kwanza akampiga 7. Wa pili 5. Chini. Wa tatu akampiga pale pale alipolala, na aliyezirai akipigwa kwa karibu linahesabiwa pigo kubwa kabisa, alama mbili za kufa kwa mpigo mmoja, zikitimia tatu umekufa, bado moja tu. Zamu yake ilipofika binamu akatia mkono kwenye kikombe, alihitaji 10 au zaidi, akachomoa 6. Akakitizama kile kikaratasi, akakikunja vile vile kilivyokuwa, akakirudisha. Yule mhusika alimwandikia historia kurasa tatu, mtoto wa nahodha wa jahazi aliyepotea baharini, na hata mlango wa kwanza wa hadithi hatukuwa tumefika.

Na mimi uhai wangu ulikuwa 20 kwa 20. Sikuguswa hata ukucha. Hapo ndio nikaelewa kwamba nilijenga mtu asiyekufa, sikujenga beki.

Fikiria kama gobilini. Anajumlisha 4 kwenye dadu yake. Kunipata mimi anahitaji 15 kwenda juu, ni namba 6 tu kati ya 20. Kumpata mchawi anahitaji 8 kwenda juu, namba 13 kati ya 20. Sasa kwa nini anipige mimi? Kadiri ninavyoongeza kinga yangu ndio ninavyozidi kumwambia nenda kwa wenzangu. DM hakutuonea, aliwachezesha na akili zao.

Nendeni mkasimame pale Fort Jesus upande wa bahari mtaelewa ninachosema. Wareno walipoijenga 1593 mpaka 1596 hawakuiweka katikati ya kisiwa, waliiweka pale kinywani, chombo chochote kinachoingia bandari ya zamani lazima kipite chini ya mizinga. Ukuta ule ungekuwa mnene hivyo hivyo lakini uko Makupa, upande wa pili wa kisiwa, meli zingeingia zikashusha mizigo na hakuna ambaye angeushughulikia. Beki ni hivyo, swali la kwanza si unaumizwa vipi, ni adui akitaka kukupita inamgharimu nini.

Kwahivyo mimi sasa kila uwezo naupima kwa hilo swali. Na kitu cha kwanza cha kuhesabu ni riakshani, yani kitendo cha kujibu nje ya zamu yako. Kila mtu ana riakshani moja tu kwa raundi, ukishaitumia basi mpaka zamu yako irudi. Defense haitumii riakshani, inakaa tu inakulinda wewe. Protection na Interception zinatumia, na zinamlinda mwenzio, na hapo ndio pesa yote ya beki ilipo.

Protection, mwenzio akiwa futi 5 na wewe, akishambuliwa unaingiza ngao na adui analazimika kurusha dadu mara mbili achukue ndogo. Kwa yule mchawi nafasi ya kupigwa ingeshuka kutoka asilimia 65 mpaka kama 42. Nzuri, lakini unaitoa kabla hujajua kama angepatwa, mara nyingine umeipoteza kwa pigo ambalo lingekosa lenyewe. Interception ilikuja na kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything 2020, hii unasubiri mwenzio apatikane kweli ndio unapunguza maumivu kwa dadu ya pande kumi ukijumlisha na ile bonasi yako ya ustadi, leveli za chini ni +2. Wastani 7 na nusu. Gobilini wastani wake ni 5 na nusu. Yani mara nyingi pigo zima linafutika. Kwa leveli 1 mpaka 5 mimi sioni mshindani, huko juu maadui wanapoanza kupiga 20 na 30 ndio Protection inarudi kuwa na maana, maana kukosa ni kukosa hata pigo liwe kubwa vipi.

Haya nimetua hapo kwanza. Semeni.

mvita_001

Kaka pole kwa mchawi wa binamu lakini umeitupa AC haraka mno. Beki mwenye AC ndogo anaanguka raundi ya pili na akianguka hizo riakshani anazitumia nani? Kila +1 ya AC ni namba moja kati ya ishirini, inasikika ndogo, lakini ile deraya kamili ya chuma ni 18, ngao 20, Defense 21. Adui wa +5 alikuwa anampata wa 18 kwa namba 8, wa 21 anampata kwa namba 5. Si kitu kidogo hicho, mapigo matatu kati ya manane yameondoka. Mimi nacheza faita miaka mitatu sijawahi kujuta Defense.

kobe_wa_tudor

@mvita_001 sijaitupa kaka, na hesabu yako ni sahihi. Ninachosema ni kwamba deraya na ngao zinakupa sehemu kubwa ya ile kinga bila kuchagua chochote, unavaa tu. Ile deraya kamili ni dhahabu 1500, utaipata kwa safari, haikuli nafasi ya uwezo. Nafasi za kuchagua ni chache sana, faita leveli 1 anapata staili moja, mpaka leveli 4 ndio anapata kipaji, yani uwezo maalum wa kuchagua, na kila nafasi ukiitia kwenye kinga yako mwenyewe ni nafasi umemnyima aliye nyuma yako. Na 18 mpaka 21 uliyoipiga wewe, +2 hapo ni ngao. Defense peke yake ni namba moja.

likoni_mbele

Mimi na wewe tuko pamoja ila kwangu beki bora si faita, ni babariani, yule mpiganaji wa hasira. Sikiliza kwa nini. Akipandisha hasira mapigo ya kawaida ya kukata, kudunga na kuponda yote yanamuumiza nusu, halafu ana lile shambulio la kujiachia, anapiga kwa dadu mbili achukue kubwa lakini na maadui nao wanapata hivyo hivyo kwake mpaka zamu yake irudi. Watu wanaiona ni hasara. Mimi naona ndio chambo chenyewe, umemfungulia adui mlango apige wewe, na kila anachopiga ni nusu. Hiyo meli yako ya kupita chini ya mizinga hapa unaivuta kwa kamba kabisa.

Na kuna njia ya Ancestral Guardian kwenye Xanathar's Guide to Everything ya 2017, kuanzia leveli 3 ukiwa na hasira, wa kwanza unayempiga kwenye zamu yako mizimu ya wazee inamzonga, akitaka kumpiga mwengine yeyote anarusha kwa shida, yani dadu mbili achukue ndogo, na akimpata bado maumivu ni nusu. Haitumii riakshani kabisa. Kama kuna uwezo ulioandikwa kwa ajili ya beki ni huu.

kobe_wa_tudor

@likoni_mbele hilo la mizimu nalikubali mia kwa mia, na umenifundisha kitu, chambo sikukifikiria. Tatizo ninaloliona ni kwamba ni adui mmoja tu kwa raundi, wale magobilini wanne mmoja kazongwa watatu wamepita. Na hasira leveli ya kwanza ni mara mbili tu mpaka mlale usiku. Dhidi ya jitu moja kubwa nakupa wewe nafasi ya kwanza, dhidi ya kundi bado nataka mtu wa kuziba njia.

Na kwenye kuziba njia ndio naja kwenye Sentinel, niliiacha makusudi. Hiki ni kipaji, kwenye kanuni za 2014 kina mambo matatu, ukimpata anayetoka karibu yako mwendo wake unakuwa sifuri anaganda pale pale, pili hata akijitoa kwa ule ujanja wa gobilini bado unampiga, tatu akimpiga mwenzio akiwa futi 5 na wewe unampiga kwa riakshani. Someni tena la pili. Lile lingeniwezesha kumgandisha angalau mmoja wao siku ile, maana riakshani ni moja. Na mkiwa na kanuni mpya za 2024 angalieni maandishi, la tatu limebadilika, lazima kwanza ampate mwenzio ndio wewe upige, na kipaji chenyewe kinaanzia leveli 4, si kama zamani binadamu wa aina ile ya pili alikuwa anakipata leveli 1.

dada_kisauni

Kaka kobe, mfano wa Fort Jesus umeukata katikati. Waomani walipoizingira 1696 mpaka 1698 walikaa nje karibu miaka mitatu, na ndani maradhi yakawamaliza watu wakabaki wachache wa kuhesabika ndio ngome ikachukuliwa. Ukuta haukuzuia ugonjwa. Na kwenye gemu ni hivyo hivyo, AC yako haina habari na sumu, hofu wala uchawi wa kumshika mtu asitikisike, hayo unarusha dadu ya kujiokoa, na faita ana nguvu za kujiokoa kwa mwili lakini kwa upande wa busara ni mtupu. Nimeona faita wa AC 20 amesimama kama nguzo ya stima raundi nne, uchawi mmoja tu, sisi wengine tunakimbizwa.

Mimi nacheza paladini, yule mpiganaji mtakatifu, na ntamtetea mpaka mwisho. Leveli 6 anapata duara la futi 10 ambalo kila mwenzake aliye ndani anaongezewa mvuto wa paladini kwenye kila dadu ya kujiokoa. Kila moja! Mvuto wangu ni +3 kwahivyo kundi zima +3 bure, hakuna riakshani, hakuna kitendo, ni kuwa na fahamu na kuwa karibu tu. Na kuponya kwa mikono, leveli mara tano, leveli 6 ni uhai 30 wa kugawa unavyotaka, hata pointi moja moja kwa aliyeanguka ili ainuke. Beki anayeinua watu nyie wanaume hamumtaji.

kobe_wa_tudor

@dada_kisauni dada yangu hili nalipokea lote. La maradhi ndani ya ngome nalijua tangu shule na sikuliunganisha. Duara la paladini ndio uwezo mkubwa kuliko wote tuliotaja hapa kama mtafika leveli 6, na kwa faita nadhani dawa ni kipaji cha Resilient kwa upande wa busara, si leveli 4 lakini leveli 6, maana faita anapata kipaji cha ziada hapo.

dar_dadu

Wakuu habari za huko. Sisi hapa Dar tunacheza Pathfinder toleo la pili, lile la 2019, na haya mnayobishania kule yamepangwa tofauti kidogo. Zamu yako ina vitendo vitatu, na ngao haikupi kitu mpaka utumie kitendo kimoja kuiinua, ndo unapata +2. Kwahiyo kila raundi unajiuliza ninyanyue ngao au nisogee au nipige, beki anafikiri muda wote. Na Champion, aina ya mhusika mlinzi wa huku, ana riakshani ya kumkinga mwenzake ndani ya futi 15, anapunguza maumivu kwa 2 kujumlisha leveli yake, na wa njia ya Paladin adui akiwa karibu anamrudishia pigo hapohapo. Futi 15 sio 5. Halafu siyo kila mtu ana lile pigo la kumvizia anayepita, faita ndo anaanza nalo, kwahiyo faita akisimama njiani maadui wanamuheshimu kweli.

Nadhani mnaweza hata kumuomba DM wenu awape kitu kama alama za D&D ya nne, ile ya 2008, beki alikuwa akimtia adui alama, adui akimpiga mwingine bila kumhusisha beki anapunguziwa 2. Kitabu cha DM cha 2014 nacho kina kanuni ya hiari ya alama.

mgeni_wa_meza

Samahanini wakubwa mimi ni mpya, Jumamosi ndio mara yangu ya kwanza, nimeambiwa nitakuwa faita leveli 1 na nimesoma uzi wote nimechanganyikiwa. Sina leveli 6 sina kipaji, sina dhahabu 1500. Nichague nini?

kobe_wa_tudor

Mdogo wangu karibu sana na usiogope. Leveli 1 ni hivi. Deraya ya minyororo na ngao, faita anaanza nazo, hapo uko AC 18 na inatosha. Staili chukua Interception. Kama DM wako hana kile kitabu chukua Protection. Sheria za msingi za D&D zinapatikana bure mtandaoni usinunue chochote kwanza.

Halafu kuna mambo hayaandikwi kwenye karatasi yako na yana nguvu kuliko yote. Tafuta mlango. Adui hawezi kupita kwenye kiboksi ulichosimama kama hamjapishana saizi mbili, gobilini ni mdogo wako saizi moja tu, kwahivyo ukisimama kwenye mlango wa futi 5 umeziba, kama vile vichochoro vya Mji wa Kale mtu mmoja na mkokoteni wake hakuna anayepita. Mimi siku ile nilisimama uwandani, hata ningekuwa na AC 30 yangekuwa yale yale. Na waambie wenzio wakae kiboksi cha nyuma yako si viboksi vinne nyuma, Interception inafika futi 5 tu, mchawi anayejificha mbali umeshindwa kumlinda kabla hamjaanza.

Pili kumsukuma adui. Badala ya pigo unaweza kumuangusha chini, mnashindana, wewe kwa nguvu zako na yeye kwa nguvu au wepesi wake. Akilala, kuinuka kunamla nusu ya mwendo wake na wenzio walio karibu wanampiga kwa urahisi. Kumkamata na kumshikilia kunamfanya asiende popote kabisa, ila hapo lazima uwe na mkono mmoja mtupu, na wewe una ngao na upanga, wengi wanasahau hilo mpaka DM awakumbushe katikati ya vita. Upanga unaweza kuuachia uanguke, ngao kuivua ni kitendo kizima.

Leveli 3 ukifika, angalia Battle Master, ni njia mojawapo ya faita, anachagua mbinu tatu na ana dadu nne za pande nane za kuziendesha, mkipumzika kidogo zinarudi. Goading Attack lazima iwe mojawapo, unampiga na akishindwa kujizuia anawapiga wengine wote kwa shida isipokuwa wewe, ndio ile chambo ya @likoni_mbele. Trip Attack ya pili. Leveli 4 Sentinel, hapo usibabaike. Leveli 6 fikiria alichosema dada.

mvita_001

Mdogo wangu fuata hayo. Mimi bado na Defense yangu lakini la mlango nalitia saini.

kobe_wa_tudor

Wadau narudi na habari, tumecheza juzi.

DM kaniruhusu nibadilishe Defense niweke Interception, AC imeshuka 18. Binamu kaja na mhusika mpya, mganga leveli 2 uhai 17, dada yake yule mchawi, anamtafuta. Tukaingia ghala la zamani kando ya mto na magobilini wakaja sita, sita! Safari hii sikungoja, nikasogeza kifuniko moja kwa moja kwenye kiboksi cha mlango, binamu akaweka chake nyuma yangu kimegusana na changu. Wawili wakanipiga, mmoja akanipata, nikafuta uhai 6. Wakajaribu kunipita hakuna pa kupita. Wa nyuma wakavuta pinde, mshale ukapita juu ya bega langu ukampata mganga, DM akasema 7.

Meza ikanyamaza. Nikasema naingiza ngao. Tukabadilisha vikaratasi tukabakisha 1 mpaka 10, nikachomoa 4, na 2 ya ustadi ni 6. Imebaki 1.

Binamu akachukua penseli, akafuta 17, akaandika 16, akanitizama. Halafu akasema zamu yangu, nampa kobe baraka.